Bibi Yetu Si Mji wa Ujerumani

Kuna ushauri ambao kila mwenye picha ya kale yenye Kijerumani mgongoni hupewa, na nimechoka kuusikia: mtumie Mzungu akusomee. Siku hizi ushauri huo umepata mdogo wake: weka kwenye AI. Wanaoutoa hawana nia mbaya. Wengine ni rafiki zangu, mmoja ni mwalimu wangu. Lakini ushauri wote wawili umebeba wazo ambalo hatujawahi kulijadili popote, kwamba sisi tukishaitunza picha kazi yetu imekwisha, na kusoma kilichoandikwa nyuma yake ni kazi ya mtu aliyeko mbali.

Mimi nasema picha za kale za Mbozi, za Ileje, za Momba na za Tunduma hazitasomwa sawasawa na yeyote mpaka zisomwe na watu wa Songwe. Sisemi hivyo kwa uzalendo. Uzalendo haujawahi kunisaidia kutofautisha n na u. Nasema hivyo kwa sababu ya majina ya watu.

Picha zenyewe zina asili inayojulikana. Wamisionari wa Kimoravian kutoka Herrnhut, mji mdogo wa Saxony, walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1899 Traugott Bachmann alifungua kituo cha Mbozi, katikati ya Wanyiha. Watu hawa waliandika sana na walipiga picha. Sehemu kubwa ya picha hizo ilikwenda Ulaya, na leo baadhi yake unaweza kuziona kwenye simu yako bila kumwomba mtu ruhusa, kupitia hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Nakala nyingine zilibaki huku kwa walimu wa shule za misheni, kwa wazee wa kanisa, kwa wapishi. Vita vilipowaondoa Wajerumani, picha hizo hazikuwa na pa kwenda. Zikaingia kwenye masanduku ya bati, chini ya vitenge.

Ya kwetu ni ndogo, haizidi kiganja. Mwanamke kijana amesimama mbele ya ukuta wa tofali, shuka limefungwa begani, macho hayakutazama kamera bali kitu kilichokuwa kushoto kwake. Pembeni yupo mwanamume wa rika lake ameshika fimbo. Mwanamke huyo ni bibi wa babu yangu. Nyuma kuna mstari mmoja wa kalamu ya risasi, umefifia, mwandiko umelala kama nyasi baada ya upepo.

Nikupe sababu ya mstari huo kuwa na uzito kwetu. Katika ukoo wetu, tawi letu ni tawi la kukaa kimya. Kwenye kikao tunakaribishwa, tunapewa kiti, tunachangia mchele na sukari, ila ikifika mahali pa kuamua nani arithi nini au nani azikwe wapi, kuna mzee atakohoa na kusema neno la mafumbo kuhusu watu waliokuja na miguu yao na watu walioletwa. Tafsiri ya fumbo hilo kila mtoto wa kwetu anaijua kabla hajaanza darasa la kwanza. Bibi wa babu, wanasema, hakuolewa. Alinunuliwa. Alitoka upande wa boda, huko kwa Wanamwanga, akaletwa Unyiha wakati watu walipokuwa wakibadilishwa kwa nguo na baruti, na kwa hiyo watoto wake hawana wajomba. Mtu asiye na wajomba, kwetu, anaongea mwisho.

Habari za namna hiyo si hekaya za kutunga. Nchi iliyo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika ilikuwa njia ya misafara ya watumwa mpaka miaka ya 1890. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari aliyefanya kazi Utengule, aliandika simulizi za wanawake walioipitia hali hiyo, akiwemo Narwimba, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alizichambua katika kitabu kizima. Ukizisoma utaona jinsi mwanamke alivyoweza kuwa mke leo, rehani kesho, na mtumwa mwezi ujao, bila yeye kubadilika chochote. Waliobadilika ni watu waliomzunguka. Kwa hiyo mzee anayekohoa hakuzua. Swali ni kama anachosema kinamhusu mwanamke huyu.

Sasa tuje kwenye huo mstari mmoja.

Binamu yangu aliupiga picha kwa simu akaupeleka kwenye programu ya Transkribus, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Innsbruck huko Austria kwa ajili hasa ya kusoma miandiko ya kale. Sina ugomvi na programu hiyo. Kwenye barua ndefu za Kijerumani inafanya kazi ambayo ingemchukua mtu miezi. Kwetu ilitoa jibu hili: Schw. Naumburg m. Bruder. Mbozi Osten 12. Naumburg ni mji. Upo Ujerumani, una kanisa kuu mashuhuri, na hauko mbali sana na huko Saxony. Mashine iliona herufi za mwanzo N na a, ikaona b katikati, ikatafuta katika yote iliyowahi kulishwa, ikamgeuza bibi wa babu yangu kuwa mji.

Baadaye mtu wa kanisa alituunganisha kwa barua pepe na mwalimu mstaafu wa Ujerumani, mzee mwema kweli, aliyekubali kutusomea bure. Jibu lake lilikuja baada ya siku mbili: muuguzi Nambuja, na jina akaliwekea alama ya kuuliza, pamoja na kaka yake, Mbozi, Pasaka 1912. Kwa miezi kadhaa ukoo wetu ulikuwa na muuguzi. Binamu aliiweka picha Instagram na maneno ya kumpongeza mwanamke wa kwanza kuvaa sare nyeupe Mbozi, wakati shuka alilovaa halikuwa jeupe wala halikuwa sare. Watu zaidi ya mia wakaweka alama ya moyo.

Alama ya kuuliza ya yule mzee ndiyo iliyonikalisha chini.

Mwandiko wenyewe unaitwa Kurrent. Ndio Wajerumani walioutumia kwa karne kadhaa, na unadanganya macho kwa sababu unafanana na tunaoujua bila kuwa ndio. Herufi e imeandikwa kwa mikwaju miwili mifupi, kwa hiyo macho yetu huiona kuwa n. Herufi n nayo ni mikwaju miwili, imepanuka kidogo. Herufi u ni n ile ile iliyovalishwa kijiupinde juu, na mwandishi mwenye haraka humwacha u bila kofia. Herufi h ina kitanzi juu na kitanzi chini. Kuna s mbili, ndefu ya katikati ya neno na ya mviringo ya mwisho. Ludwig Sütterlin, msanii wa Berlin, aliurahisisha, na toleo lake likaanza kufundishwa katika shule za Prussia mwaka 1915. Kisha mwaka 1941 serikali ya Wanazi ikaufuta shuleni kabisa.

Tafakari maana ya tarehe hiyo ya mwisho. Mjerumani wa umri wangu hawezi kusoma barua ya mama wa bibi yake. Hamburg kuna kikundi cha wazee wanaowasomea wenzao nyaraka za familia, kwa sababu wenye lugha yenyewe wamekwama kama sisi. Kwa hiyo ule unyenyekevu tulio nao, kwamba Mzungu ataona tu atajua, hauna msingi. Kijana wa Leipzig na kijana wa Vwawa wakikalishwa mbele ya karatasi ile, wote wawili wataanza na a.

Ilinichukua wiki sita, jioni tu, daftari la kurasa sitini na nne na kalamu ya wino. Njia bora ni kuandika, siyo kutazama. Unaandika jina lako kwa Kurrent mpaka mkono ukubali, unaandika majina ya vituo vya daladala, unaandika orodha ya vitu vya sokoni. Kufika wiki ya nne unaanza kuona kwamba ile nyasi iliyolala ina vinundu. Sijawahi kusomea Kijerumani chuoni. Nilikuwa na maneno machache ya kujifunzia kwenye simu, na mstari mmoja wa mgongo wa picha hauhitaji zaidi ya hayo.

Na mstari ulisema: Schw. Nambeje m. i. Bruder. Mbozi, Ostern 12.

Kila mtu wa Tunduma ameshaliona. Kwa wengine nieleze. Wajerumani waliandika j mahali tunapoandika y; ndiyo maana ramani zao zina Njassa. Jina ni Nambeye. Zile e mbili zilizovaa sura ya n ndizo zilizoichanganya mashine na kumfanya mzee wa watu aweke alama ya kuuliza. Na Nambeye si jina la kubuni la mapenzi ya mama. Kwa Wanamwanga mwanamume wa ukoo huo huitwa Simbeye na mwanamke huitwa Nambeye. Si kwa wanaume, Na kwa wanawake. Ukipita boda ukaingia Nakonde utakuta mbao za maduka zimejaa hao hao.

Hiki hakimo katika mashine yoyote. Yule mzee hakikuwa kichwani mwake, na hatuwezi kumdai. Herufi zile zinafundishika kwa wiki sita, lakini ili uone Nambeye ndani ya Nambnjn lazima uwe umekaa darasani na akina Simbeye watatu, umepigana na mmoja na kumwazima mwingine kitabu cha hesabu. Hilo hupati kwa kozi.

Kuna jambo lingine dogo ninalolipenda. Wajerumani walioandika Kurrent walikuwa na kawaida ya kubadili mwandiko wakifika kwenye neno la kigeni. Neno hilo waliliandika kwa herufi za Kilatini, kama tunavyoandika sasa. Katika mstari wetu Mbozi imeandikwa hivyo, inasomeka bila shida. Nambeye haikuandikwa hivyo. Imeandikwa kwa Kurrent, kama jina la jirani wa nyumbani kwao. Labda aliyeshika kalamu alikuwa amekaa Mbozi muda mrefu kiasi cha kutoliona tena jina hilo kuwa la kigeni. Labda alikuwa na haraka. Napendelea ile ya kwanza, na sitamlazimisha mtu.

Tuendelee na Schw. Kirefu chake ni Schwester, dada. Kwa Mjerumani wa leo neno hilo likitangulia jina ni muuguzi, na mzee wetu alitafsiri kama ambavyo mtu yeyote mtaani kwao angetafsiri. Lakini Wamoravian walijiita jumuiya ya ndugu, na muumini wa kike alikuwa Schwester, wa kiume Bruder, kwa vifupisho Schw. na Br. mbele ya jina. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye benchi za Moravian Mbozi amesikia "ndugu katika Kristo" mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Kwa hiyo bibi wa babu alikuwa dada wa kanisa. Nilimpigia simu binamu, akaifuta sare nyeupe Instagram. Hakufurahi.

Na hapo ndipo Bruder inapokuwa neno zito. Je, yule mwenye fimbo ni ndugu wa kanisa au ndugu wa tumbo? Ndugu wa kanisa angeandikwa Br., kwa kifupi, na jina lake lingefuata, kama dada alivyoandikwa Schw. na jina likafuata. Huyu ameandikwa Bruder kwa urefu, bila jina, na mbele yake kuna i. yenye nukta, kifupisho cha ihrem, "wake", ambayo mashine iliimeza kana kwamba ni doa. Kaka yake. Mtu ambaye utambulisho wake wote siku ile ulikuwa kwamba ni wa mwanamke huyu.

Mtumwa katika nchi hizi alikuwa, kabla ya yote, mtu asiye na wa kumfuata. Huyu alifuatwa. Siku ya Pasaka, kaka alikuwa Mbozi amesimama bega kwa bega naye, na jina la ukoo wake lilitamkwa kwa sauti mbele ya Mjerumani aliyelisikia vizuri kiasi cha kuliandika.

Nasikia unavyonipinga, na uko sahihi kwa sehemu. Waliowaweka wanawake rehani wakati wa njaa mara nyingine walikuwa ndugu zao hao hao; kaka kusimama karibu hakumwondolei mtu historia. Halafu kaka kwetu anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo, au wa mama mkubwa, na Mjerumani asingeuliza. Sawa. Sijadai kwamba mstari mmoja wa kalamu ya risasi umefuta kila neno lililosemwa kwenye vikao. Nadai kwamba umetupa jina la kuulizia, na hilo ndilo tulilolikosa miaka yote.

Maana kuna wale wanaoniambia: achana na makaratasi ya wakoloni, waulize wazee. Nakubali kabisa, na nilikwenda. Dada yake babu yuko hai, anakaa Mlowo, macho yamepungua, masikio hayajapungua. Miaka mingi tulimwuliza swali lile lile: bibi, huyu mama alitoka wapi? Akajibu jibu lile lile: huko mpakani, sijui. Safari hii nilimwamkia, nikakaa, nikauliza tofauti. Bibi, akina Simbeye ni nani kwetu?

Hakufikiri hata kidogo. "Si wajomba wa baba? Walikuwa wanakuja na ulezi. Mmoja alikuwa na kikohozi kibaya, mama alikuwa anamtengea kikombe chake."

Nilimwuliza mbona hakuwahi kusema. Akanishangaa. "Mlikuwa mnaniuliza habari za mtumwa. Sasa mimi mtumwa namjua wapi?"

Kwa hiyo tusiwekeane tena mzee upande mmoja na karatasi upande mwingine kana kwamba lazima uchague. Bibi alikuwa na jibu lisilo na swali, na karatasi ilikuwa na swali lisilo na mtu wa kulijibu. Vimekaa kilomita chache tu, zaidi ya miaka sabini, vikisubiri mtu mmoja anayeweza kusoma e mbili.

Nilipopeleka habari hizi kwenye kikao, mzee wa ukoo alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, kisha akasema, "Mjukuu wangu, karatasi ya Wazungu haiwezi kutufundisha ukoo wetu." Ukumbi ukapumua. Mimi ni mtoto, sikujibu pale. Najibu hapa. Karatasi ya Wazungu, mzee wangu, ndiyo hati ya shamba unayoifungia kabatini. Ndiyo cheti cha ubatizo unachokitoa kila unapotaka kuthibitisha nani mkubwa kati yako na ndugu yako. Karatasi tunazikubali zikitupa kitu na kuzikataa zikitutoa kitu, na huo ni utaratibu wa kibinadamu kabisa, ila tusiuite kulinda mila. Tena hata kama alinunuliwa kweli, sijui ni kwa hesabu gani aibu ilimwangukia aliyeuzwa ikampita aliyelipa. Aliyelipa pia alikuwa wa ukoo huu. Watoto wake wanaongea wa kwanza.

Nikitoka kwenye ukoo nakutana na ugonjwa huo huo chuoni, na pale hauna kisingizio cha uzee. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia. Nimepita semina nzima juu ya utawala wa Kijerumani bila kuonyeshwa hata ukurasa mmoja wa mwandiko wa Kijerumani. Tunasoma John Iliffe, kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya Tanganyika chini ya Wajerumani, na ni kitabu kikubwa kwelikweli. Lakini Iliffe alisoma mafaili, na sisi tunamsoma Iliffe. Mafaili yenyewe, yale ya Kijerumani, yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa tangu mwaka 1973. Ya upande wa Berlin, ya wizara ya makoloni, hifadhi ya taifa ya Ujerumani imeyaweka kwenye mtandao, yanafunguka hata ukiwa na bando la shilingi elfu moja. Zamani tulisema kizuizi ni viza na nauli. Viza haihitajiki tena. Kizuizi ni herufi, na hakuna ubalozi unaotunyima herufi.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Walikuwa na umri wangu. Walifanya nusu ya kazi iliyokuwa na haraka, kwa sababu wazee hufa. Nusu ya pili, ya mafaili, haikuwa na haraka, karatasi ingesubiri. Imesubiri mpaka imegeuka kuwa kawaida. Rais Steinmeier alipofika Songea mwezi Novemba 2023 akaomba msamaha, tulijadili mafuvu, tulijadili vitu vya makumbusho, tulijadili fidia, na yote hayo ni ya kudai. Sikumsikia mtu akidai mwalimu wa Kurrent. Yakirudishwa masanduku yote kesho asubuhi, tutayafungua, tutapiga nayo picha, kisha tutatafuta Mzungu atusomee.

Kuna watakaosema Kijerumani ni lugha ya mkoloni. Makala za kusema hivyo huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo sina la kuongeza. Kuna vijana wengi mjini sasa wanasoma Kijerumani ili wakafanye kazi za uuguzi huko. Wana sarufi kuliko nitakayowahi kuwa nayo. Wao wakiongezewa wiki sita za herufi, nchi hii inapata wasomaji ambao idara zetu za historia hazina.

Na sisi wa mpakani tuna deni la ziada. Mstari uliochorwa kati ya Waingereza na Wajerumani uliwakata Wanamwanga katikati. Walioangukia kusini waliandikwa na Waskoti wa Livingstonia, kituo chao kilikuwa Mwenzo, upande ambao sasa ni wa Nakonde. Wajukuu wao wakigeuza picha wanakuta Kiingereza, wanasoma, wanaendelea na chai. Walioangukia kaskazini waliandikwa kwa Kurrent. Ukoo mmoja, mashangazi wale wale, na nusu yake inajijua kwa sababu tu mwandishi wake alitumia herufi zinazofundishwa shuleni. Kaka wa Nambeye, kama alirudi kusini, huenda ana picha yake upande ule yenye jina kamili lililoandikwa wazi. Nimeanza kuuliza. Nakonde si mbali; unavuka kwa miguu ukiwa na mfuko wa vitunguu.

Basi kama una picha, fanya haya leo kabla ya kumtumia mtu yeyote kitu chochote. Ukienda kuiskani, kijana wa steshenari atailaza uso chini, atabonyeza, atakurudishia. Mwambie aigeuze. Atakutazama kana kwamba umemwomba askani meza yake. Mwambie tena, mlipe mara mbili. Usikubali aivalishe plastiki ya moto kwa kisingizio cha kuitunza. Kalamu ya risasi iliyofifia haisomeki kwa taa ya juu. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni ili mwanga upite juu ya karatasi, na mfereji wa kalamu utajitokeza kwa kivuli chake hata pale ambapo rangi imeondoka. Andika unachokiona, siyo unachokitarajia. Ukiona n mahali ambapo haipaswi kuwa n, jaribu e.

Na kama picha imebandikwa kwenye fremu kwa gundi, kama alivyofanya fundi fulani wa Vwawa kwa nia njema, usiibandue kwa kisu. Tunayo moja ya namna hiyo, wanaume watatu na baiskeli, na hatujaigusa. Pembe moja imeachia yenyewe kwa unyevu, inatosha kupitisha tochi, na chini yake zinaonekana herufi mbili za kwanza za neno: Si.